Kilo Saba na Nusu za Chuma

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la fundi cherehani, pale njia mbili zinapokutana na mwenye haraka hulazimika kupunguza mwendo. Ng'ambo kulikuwa na duka la dawa lenye mzani barazani. Kahawa ilichemkia ndani kwa fundi, juu ya jiko lilelile lililotoa makaa ya pasi. Kwa hiyo siku ya nguo nyingi kahawa ilichelewa, na siku ya kahawa nyingi nguo zilichelewa. Wenye benchi walikuwa wanne. Mwenye duka waliyemwita Futi, kwa ile futi ya kamba isiyobanduka shingoni hata akienda msibani. Takwimu, karani mstaafu wa stoo ya shule, ambaye kila jambo alikuwa na namba yake, na namba hizo Mungu ndiye aliyejua anazitoa wapi. Pipa, mpakiaji mizigo ghalani, mfupi na mpana, mwenye sauti ya kuita lori. Na Mlingoti, fundi umeme wa nguzo, mrefu hata akipita mlangoni kwa Futi ilibidi aombe radhi kwa kichwa. Huyo Mlingoti alikuwa pia shemeji yake Futi, maana alimwoa mdogo wake.

Siku hiyo Futi hakuwa na raha. Chini ya meza ya cherehani alikuwa ameficha mfuko wa turubai, na kila mguu wake ulipougusa alitazama mlangoni. Mlingoti alikuja nao asubuhi, kabla duka halijafunguliwa vizuri, pamoja na suruali mpya nyeusi.

— Shemeji, nishonee hivi humu ndani, alisema akishusha sauti. Kiunoni, kwenye mapindo, chini ya mifuko. Visionekane, na nikitembea visilie.

Futi alifungua mfuko akakuta vipande bapa vya chuma, vimekatwa vidogo vidogo na kupigwa msasa vizuri.

— Vya nini hivi?

— Kilo saba na nusu. Kesho saa mbili napimwa afya.

Basi Futi akaelewa. Miaka tisa Mlingoti alipanda nguzo za kampuni kama kibarua, leo yupo kesho hayupo. Sasa kampuni ilitaka kuajiri mafundi wanane wa kudumu, na jina lake lilikuwamo. Lakini barua ilikuwa na mstari mmoja mbaya: uzito wa mtu lazima ulingane na urefu wake. Mwenye mita moja na sentimita themanini na nane asipungue kilo sitini na sita. Mlingoti alikuwa na kilo hamsini na tisa.

— Wanapima na nguo, alisema. Nimeuliza. Viatu ndio unavua. Mke wangu asijue.

Futi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mlingoti akachukua kule kunyamaza kama ndiyo, akaenda zake.

Sasa ilikuwa saa kumi alasiri. Suruali ilikuwa mezani, haijaguswa. Futi alitoa birika nje, akamimina vikombe vinne, akakaa kwenye kigoda chake mlangoni. Mazungumzo yalikuwa yameshawaka, maana habari ya kesho walikuwa nayo wote. Habari ya chuma ndiyo hawakuwa nayo.

— Hesabu yake ni nyepesi, Takwimu alikuwa akisema. Chukua urefu wa mtu kwa sentimita, toa mia. Kinachobaki ndizo kilo zake. Wewe Mlingoti una mia na themanini na nane. Toa mia. Unatakiwa themanini na nane.

— Barua imesema sitini na sita, Mlingoti akajibu.

— Barua imekuhurumia.

— Na mimi? Pipa akauliza. Nina mia na hamsini na nane.

— Hamsini na nane.

— Hamsini na nane! Pipa akajipiga tumbo. Mimi nina themanini na tisa, bwana. Kwa hiyo mwili huu kilo thelathini na moja si zangu? Ni za nani? Mwenyewe aje azichukue, mimi zinanitoa jasho bure.

Wakacheka. Mlingoti naye alicheka, lakini Futi aliona jinsi alivyoshika kikombe. Alikishika kwa mikono miwili, kama mtu anayeota moto, na hata hivyo kahawa ilikuwa ikitetemeka na kufanya duara ndogo ndogo. Alikuwa amekaa kivulini, upepo unavuma, na shati lake limelowa mgongoni.

— Msimtishe mwenzenu, Pipa akaendelea. Mrefu kuwa mwembamba ni kawaida. Ni kama mpira wa kufungia mizigo. Ukiuvuta unakuwa mrefu, lakini unapungua unene. Mpira ni uleule. Huyu alivutwa, mimi nikaachwa.

— Hiyo si elimu, Takwimu akasema. Elimu ni hii. Mifupa ya mtu mrefu ina uwazi ndani, kama bomba. Asilimia arobaini ni hewa tupu. Ndiyo maana debe tupu haliachi kuvuma.

— Hiyo methali na mifupa wapi na wapi?

— Debe tupu si lina hewa?

— Lina hewa.

— Basi kunywa kahawa yako.

— Ngoja, ngoja! Pipa akageuka mzima mzima, benchi likalia. Kama ni hivyo mimi nina jambo. Mzani uko chini, sivyo? Unapima kilicho karibu nao. Mimi nikipanda, kichwa changu kiko hapa hapa, uzito wote unafika. Mlingoti akipanda, kichwa chake kiko kule juu. Uzito wa kichwa hadi ushuke ufike miguuni, yule mpimaji ameshaandika!

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo apimwe amelala.

Takwimu alifikiri kidogo. Hakutaka kushindwa.

— Au asimame muda mrefu, alisema. Dakika saba. Mti hauendi ila kwa nyenzo.

— Mimi nina dawa bora zaidi. Tuunganishwe! Hebu Takwimu, jumlisha urefu wangu na wake, gawa kwa mbili.

Takwimu alitoa kalamu sikioni, akaandika kwenye kiganja.

— Mia na sabini na tatu.

— Toa mia.

— Sabini na tatu.

— Sasa jumlisha kilo zetu, gawa kwa mbili.

— Themanini na tisa na hamsini na tisa… mia na arobaini na nane… sabini na nne. Takwimu akainua macho, amestaajabu kweli. Mmezidi kilo moja tu!

— Unaona? Tatizo halipo! Pipa akampiga Mlingoti mgongoni. Mimi na wewe ni watu wawili wenye afya njema, ila tumegawana vibaya!

Lile kofi la mgongoni halikuwa kubwa, lakini Mlingoti aliyumba mbele, kahawa ikamwagika magotini. Alisimama ghafla.

— Mikono yako uiweke kwako!

Miaka yote ya utani pale kijiweni, hakuna aliyewahi kumsikia Mlingoti akipandisha sauti.

— Samahani, ndugu yangu, Pipa akasema. Ni mzaha tu.

— Mzaha, mzaha. Kila siku mzaha. Mimi kesho ndiyo siku yangu, nyinyi mnanigawa kwa mbili.

Alikaa tena. Macho yake yalikuwa yametoka kidogo, kama ya mtu aliyeitwa kwa nyuma akiwa peke yake. Futi alikumbuka maneno aliyoambiwa na mdogo wake Jumapili, wakiwa wawili jikoni: "Kaka, usiku nikilala karibu naye nausikia moyo wake. Unakwenda kama cherehani yako ukiwa na kazi ya haraka. Nikimuuliza, anasema ni kazi." Futi alimwambia basi itakuwa ni kazi.

— Tatizo lako ni nyama, Takwimu akasema kwa sauti ya kupatanisha. Ule.

— Nale! Nani amesema sili?

— Anakula huyu! Pipa akamtetea upesi, apate kusamehewa. Juzi tulikula pamoja pale ghalani. Mimi sahani moja, yeye tatu. Tatu! Na mkate juu. Nikasema leo nimepata bingwa. Mtu anayekula hivyo ataumwa nini? Mgonjwa hali.

— Umeona? Mlingoti akasema. Mgonjwa hali.

— Basi hao wapimaji tuwashinde kwa akili, Pipa akasema. Anywe maji lita tatu kabla ya kupanda. Kilo tatu hizo. Halafu zilizobaki azifiche. Kwenye soksi. Kwenye chupi. Aweke mawe!

— Vitu vya nguoni havionekani, Takwimu akakubali. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Alisema hivyo kwa raha, kama mtu aliyetoa mfano wa kusifu. Lakini Futi alimtazama Mlingoti, na Mlingoti alikuwa akimtazama yeye. Ilikuwa ni kutazamana kwa watu wawili walioiba pamoja.

— Nguo iko tayari, shemeji? Mlingoti akauliza polepole.

— Bado kidogo.

— Jua linazama saa kumi na mbili.

— Najua jua linazama saa ngapi.

Hapo ndipo akaja mama mmoja aliyehamia mtaani wiki mbili tu zilizopita, katika chumba cha nyuma ya kinyozi. Walikuwa hawajamzoea, walimwita Mama Vifaranga kwa kuwa alifuga kuku wa mayai uani kwake. Alikuwa amevaa buti za mpira na kitambaa kichwani, amefuata aproni yake iliyokuwa ikibadilishwa mikanda.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Pipa akasema, akasogea kumpisha, ingawa kusogea kwake hakukuongeza nafasi yoyote.

— Nashukuru, nitasimama. Aproni iko tayari, fundi?

Futi aliingia ndani kuitafuta. Alichelewa makusudi. Mguu wake uligonga ule mfuko, vyuma vikalia. Kwenye rafu lilikuwapo daftari lake la vipimo, lenye majina ya wateja na viuno vyao. Alilifungua ukurasa wa shemeji yake, ingawa alijua kilichomo. Mwezi wa kwanza: kiuno inchi thelathini na tatu. Mwezi wa nne: thelathini na moja. Leo asubuhi alimpima akapata ishirini na nane, na hakuandika. Aliogopa mkono wake mwenyewe.

Nje, Takwimu alikuwa akimweleza mgeni mambo yote tangu mwanzo: urefu, toa mia, mabomba, kichwa kilicho mbali na mzani. Mama Vifaranga alisikiliza bila kucheka. Futi aliporudi na aproni, alimkuta amemkazia Mlingoti macho. Hakuonekana kumshangaa, wala kumdharau. Alimtazama kama mtu anayechungua banda.

— Samahani, baba, alisema. Mimi si msomi. Hizo hesabu zenu sizijui. Huyu anakula?

— Anakula kwa watatu, Pipa akasema.

— Na anapungua?

Jibu lilikuwa limekaa mbele yao kwenye benchi.

— Basi anavyokula vinakwenda wapi?

Takwimu aliitazama namba kiganjani mwake, akaifuta kwa dole gumba hadi wino ukawa doa.

— Namaanisha, mama yule akaendelea kwa upole, kwangu kuku asiyekula simwogopi sana. Ana kinyongo tu, au joto. Ninayemwogopa ni yule anayemaliza chakula cha wenzake, na ukimshika kifuani unakuta mfupa.

— Mama, Mlingoti akasema huku akisimama, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Mimi si kuku wako. Hapa si bandani. Umekuja kuchukua aproni, chukua aproni.

— Nisamehe, baba.

— Shemeji, nipe suruali yangu.

Futi alisimama katikati ya mlango. Alikuwa mtu wa maneno machache. Katika maisha yake aligombana na watu wachache, na wengi wao kwa sababu ya vifungo vilivyopotea. Lakini akilini alimwona mdogo wake jikoni siku ile ya Jumapili, na nyuma yake aliiona nguzo ndefu, na juu ya nguzo mtu amevaa kilo saba na nusu za uongo.

— Suruali ipo, alisema. Vile vingine sishoni.

— Tuzungumze ndani.

— Tumeshazungumza ndani asubuhi, nikanyamaza. Kosa langu ndilo hilo.

— Vingine vipi? Pipa akauliza.

Futi akaingia, akautoa ule mfuko na kuuweka juu ya benchi. Vyuma vilitoa sauti nzito. Pipa alichungulia ndani. Yeye aliyetoka kusema mtu aweke mawe, alipoona chuma chenyewe kimekatwa na kupigwa msasa, hakuweza hata kutabasamu.

— Umenivua nguo mbele ya watu, Mlingoti akasema.

— Heri mimi kuliko wao kesho.

— Miaka tisa, Futi! Hakusema shemeji, na kila mtu alisikia kuwa hakusema. Miaka tisa napanda kwa kibarua. Nikianguka leo sina hata kitanda cha hospitali. Nataka kazi moja, karatasi moja yenye jina langu. Nikiikosa, mdogo wako utamlisha uzi?

— Na ukiipata ukaanguka, nitamlisha nini?

— Mimi sianguki!

Futi alichomoa sindano kwenye kola yake, akakata uzi mweusi kwa meno, akamnyooshea vyote viwili.

— Tunga.

— Nini?

— Tunga uzi. Macho yangu yameisha, miaka yote wewe ndiye unayenitungia. Mwezi huu kila nikikuomba una haraka, au una grisi mkononi. Leo huna haraka wala grisi. Tunga, na nakuapia nitakaa hapa nikushonee chuma chote hiki.

Mlingoti alichukua sindano. Alichukua uzi. Aliulowesha mdomoni, akauelekeza. Uzi ulipita kushoto mwa tundu. Akavuta pumzi, akajaribu tena. Ulipita kulia. Vidole vile virefu, ambavyo vilifunga nyaya juu angani huku mwenyewe akipiga mluzi, vilikuwa vikicheza kama majani. Mara ya tatu sindano yenyewe ilidondoka vumbini. Hakuinama kuiokota.

Mama Vifaranga aliinama, akaitafuta kwa kiganja, akaipata, akaichomeka polepole kwenye kola ya Futi.

— Tangu lini? Futi akauliza.

— Tangu mvua.

— Na moyo?

Mlingoti alivuta suruali mezani, akaikunja chini ya kwapa. Mfuko wa chuma aliuacha palepale. Akaondoka, mabega yamepanda, akipita katikati ya njia kama mtu asiyetaka kuguswa na ukuta wa upande wowote.

Kesho yake Futi hakufungua duka. Saa moja na nusu alikuwa kwenye lango la zahanati ya kampuni, amesimama upande wa pili wa barabara. Alimwona shemeji yake akija na suruali ile nyeusi imefungwa kwa mkanda hadi tundu la mwisho, na alikuwa amejitobolea tundu jingine kwa msumari. Mlingoti naye alimwona. Hawakusalimiana. Mdogo wake Futi alikuwa pamoja na mumewe; yeye aliinua mkono nusu, akaushusha.

Walipima wanaume ishirini na wawili. Mlingoti alipanda mzani kwa zamu yake, akiwa na kilo alizopewa na Mungu tu, na zilikuwa zimebaki hamsini na nane. Muuguzi aliandika, akatikisa kichwa, akamwita anayefuata. Hapo ingekuwa imekwisha. Lakini daktari aliyekuwa amekaa pembeni akijaza fomu aliinua kichwa, akamtazama machoni, akamwambia asogee akae. Alimshika kifundo cha mkono huku akitazama saa. Kisha akamwambia ameze mate, na alipokuwa akimeza, akampapasa shingo kwa vidole viwili.

— Moyo wako unapiga mara mia moja na thelathini kwa dakika, alisema. Na umekaa tu. Unapanda nguzo na hali hii?

Ilikuwa tezi ya shingo. Daktari alimweleza mke wake zaidi ya alivyomweleza mwenyewe. Ile tezi ndogo iliyo chini ya koo ndiyo inayouambia mwili uchome chakula kwa kasi gani, na yake ilikuwa imeshikwa na wazimu. Inachoma usiku na mchana, inachoma chakula, kisha inachoma nyama ya mtu mwenyewe. Ina dawa. Lakini dawa yenyewe ni ya miezi, pengine mwaka na zaidi, na moyo ulikuwa umechoka kiasi kwamba wiki chache mbele ungeweza kusimama popote, chini au juu ya nguzo.

Kazi aliikosa. Wakaajiri wanane wengine, mmoja wao kijana ambaye Mlingoti mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuvaa mkanda wa nguzo.

Ukafuata wakati mgumu. Hata kibarua walimzuia mpaka apone. Mdogo wake Futi alikuja dukani kushona vifungo na kupindia mashuka, na Futi alimpa kazi ya kutosha bila kumuuliza habari za nyumbani, naye hakuzitoa. Mlingoti hakufika kijiweni. Akiwa na safari ya hospitali alizunguka kwa njia ya nyuma, maana alionekana akitokea upande wa kinyozi. Pipa alijaribu kumfuata nyumbani, akaambiwa mlangoni kuwa amelala. Takwimu alipunguza namba. Siku nyingine kahawa ilinyweka kimya kimya kama dawa.

— Nilifanya vibaya? Futi alimuuliza Pipa siku moja.

— Sijui, bwana. Ningejua ningekuwa nimesema siku ile.

Miezi ikapita, na mvua zikaja zikaisha. Habari za kupona kwake walizipata kwa vipande: kwamba ameacha kutoka jasho, kwamba analala usiku, kwamba sahani tatu zimekuwa moja na nusu. Mama Vifaranga alikuwa akimpelekea mayai na akapokelewa. Huyo, ajabu, alisamehewa kabla ya wote.

Kisha alasiri moja kivuli kirefu kikalala juu ya miguu yao, nao wakainua macho. Mlingoti alikuwa amesimama mbele ya benchi. Mashavu yalikuwa yamerudi mahali pake, na macho yalikuwa yametulia ndani ya matundu yake. Hakuna aliyethubutu kumuuliza kilo. Pipa alisogea, Takwimu akasogea, na nafasi ikapatikana. Akakaa.

Futi alimimina kahawa akampa. Mlingoti aliipokea kwa mkono mmoja. Alikunywa kikombe chote, nao wakangoja.

— Wametangaza tena, alisema mwisho. Watu wanne. Daktari amesema mwezi ujao nipeleke jina.

— Kwa takwimu, watu wanne ni… Takwimu akaanza.

— Takwimu, Pipa akamwambia, tafadhali.

Mlingoti aligeuza kikombe kitupu mkononi. Hakumtazama Futi, alitazama ng'ambo ya njia, kule juu nyaya zilikopita.

— Kuna jambo sikumwambia mtu, alisema. Hata mke wangu. Wiki tatu kabla ya siku ile ya kupimwa, nilikuwa juu ya nguzo, kule nyuma ya shule. Asubuhi tu, jua halijawa kali. Mikono ikaachia. Yenyewe. Sikuteleza, sikusukumwa, nilikuwa nimeshika, halafu nikawa sijashika. Nilishuka mita mbili hewani, mkanda ukanikamata kiunoni. Nikabaki nimening'inia. Chini kulikuwa na watoto wa chekechea wanapita wamepanga mstari, wakanipungia mkono. Walifikiri nacheza.

Alikiweka kikombe benchini.

— Nikawapungia na mimi. Nilipofika chini, nilikaa nyuma ya lori nikala mikate miwili. Kesho yake nikapanda tena. Na baada ya hapo nikaanza kukata vile vyuma.

Futi aliinuka, akachukua birika ili amwongezee shemeji yake. Aliliinamisha juu ya kikombe. Likatoa tone moja, na machicha.

— Imekwisha, alisema.

— Si kitu, shemeji, Mlingoti akajibu. Kaa tu.

Futi akakaa.